Dege, kombe na sindano: maswali ya wazazi wa Lamu

Wodi ya watoto hapa Lamu maswali ni yale yale kila msimu wa mvua. Nayajibu kama muuguzi, na kama Muislamu.

Dege ni nini?
Mtoto hukaza viungo au hutukutika, macho hupanda, povu hutoka, ukimwita hasikii. Huwapata zaidi walio kati ya miezi 6 na miaka 5, homa ikipanda. Mara nyingi huisha lenyewe kabla ya dakika 5. Lakini homa hiyo yaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Hata mimi siwezi, mpaka nipime.

Si nyuni (pepo wa ndege anayesemwa huwakamata watoto) au jini?
Majini tunayaamini, yametajwa katika Qur'ani. Lakini mwili unaochoma una homa, na homa ina sababu inayopimika. Mpeleke hospitali.

Kombe, yaani maji ya kunywa yaliyooshewa aya zilizoandikwa kwa zafarani, lina ubaya gani?
Kwa aliye macho na anayeweza kumeza, sina neno. Kwa mtoto aliyepoteza fahamu, lina hatari kubwa: hawezi kumeza, na maji yale huingia mapafuni. Tunapokea watoto kifua kinakoroma, kola ya shati ina madoa ya manjano ya zafarani. Tunakuwa na maradhi mawili ya kutibu badala ya moja.

Basi usimpe kombe, wala maji, wala asali, wala mafuta ya habasoda. (Asali haifai kabisa kwa aliye chini ya mwaka mmoja, hata akiwa mzima.) Usimtie kijiko mdomoni. Usimfukize ubani, anahitaji hewa. Mlaze ubavu, mlegeze nguo, tazama saa, na mwingine atafute usafiri.

Tumesikia mtoto wa dege akichomwa sindano hufa.
Hafi kwa sindano. Narudia, kwa kuwa neno hili limetuzikia watoto: hafi kwa sindano.

Huwa hivi. Homa inaanza Jumatatu, anasomewa dua na mwalimu. Jumanne dege, anafukizwa. Jumatano dege la pili, anapelekwa kwa mwalimu mwingine. Alhamisi anafika kwetu, damu imekwisha, sukari imeshuka, haamki. Anachomwa sindano, na saa ile ile anafariki. Nyumbani wanakumbuka sindano. Zile siku tatu hazitajwi. Sindano ya atesuneti ndiyo dawa ya malaria kali, na ya kutuliza dege ndiyo inayouokoa ubongo. Zinataka kuwahi. Kinachoua ni kuchelewa!

Kwani Mtume (s.a.w.) hakutufundisha kujitibu kwa dua?
Alitufundisha dua na dawa. Usama bin Sharik amepokea kwamba mabedui walimuuliza kama wajitibu, akawaambia wajitibu, kwani Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Ayatul Kursi husomeka ndani ya mashua na hata kando ya kitanda cha wodi. Hatujamzuia mzazi kusoma. Wako walimu hapa mjini ambao mzazi akibisha hodi na mtoto wa moto humwambia apitie hospitali kwanza. Mungu awalipe. Anayemwambia mzazi asiende, na tiba haijui, akumbuke kwamba hadithi imemtwika dhamana anayetibu bila kujulikana kwa utabibu.

Na hijama (kuumikwa)?
Mtu mzima mwenye afya, kwa wembe mpya usiotumiwa na mwingine, na asiwe anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mtoto mwenye homa asichanjwe chale za hijama. Malaria inamla damu tayari.

Tuko kisiwani Pate, maji yamekupwa, mashua haipiti mkondo wa Mkanda. Tufanyeje?
Ndiyo maana msingoje homa iwe dege. Siku ya kwanza tu ya homa, nendeni kituo kilicho karibu nanyi. Kipimo cha malaria ni tone la damu ya kidole, na jibu hutoka kabla hujamaliza kunyonyesha. Akiwa hoi, waambieni wampe dawa ya kwanza pale pale, huku boti ikitafutwa.

Ikiwa dege limepita dakika 5 au limerudi, ikiwa haamki vizuri, anatapika kila kitu, anakataa kunyonya au shingo imekakamaa, ondokeni. Hata iwe saa nane za usiku, hata kama mwalimu yuko njiani anakuja.