Mwenye Adabu Naye Ana Sauti: Dhana Potofu Kuhusu Mtoto Kujiamini

Mzazi wa Unguja au Pemba ukimwambia kwamba mwanawe anajiamini, atafurahi na papo hapo ataingiwa na wasiwasi. Anaogopa maneno ya watu: "Mtoto yule kachangamka mno, hana haya." Nauelewa wasiwasi huo, maana sisi tumelelewa na haya na tunaipenda. Lakini umezaa dhana ambazo zinawaumiza watoto wetu, na wengine maumivu yake huwafuata hadi ukubwani, wanapokwenda kuomba kazi na sauti ikawakauka mbele ya watu watatu wanaowahoji. Kujiamini ninakokusudia hapa ni kule mtoto kuona kwamba jambo gumu likimjia atalikabili, na huenda akaliweza.

Dhana: Mtoto mwenye adabu hasemi mbele ya wakubwa

Hii ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo iliyoenea zaidi.

Mgeni anapiga hodi. Mtoto anakuja, anatoa shikamoo, anabusu mkono. Mgeni anauliza, "Siku hizi uko darasa la ngapi?" Kabla mtoto hajafungua mdomo, mama keshajibu. "Na chuoni, kwenye Kurani, umefika wapi?" Baba anadakia: "Yuko juzuu Amma." Mtoto kasimama anachezea vidole, kisha anaambiwa aende akacheze. Hayo yakirudiwa miaka na miaka, anazoea kwamba hata habari zake mwenyewe ni za wakubwa kuzisema. Baadaye mwalimu wa skuli analalamika kwamba hanyooshi mkono darasani, nasi tunashangaa.

Ukweli ni kwamba adabu inahusu namna ya kusema. Katika Sahihi za Bukhari na Muslim imepokewa kutoka kwa Sahl bin Saad kwamba Mtume (S.A.W.) aliletewa kinywaji, kuliani kwake amekaa mtoto na kushotoni wamekaa watu wazima. Aliye kulia ndiye mwenye haki ya kupewa mwanzo. Mtume akamwomba mtoto yule ruhusa awatangulize wakubwa. Mtoto akakataa, akasema fungu lake litokalo kwa Mtume hatamwachia mtu yeyote. Mtume akampa kile kinywaji mkononi. Haikutajwa kwamba alikaripiwa. Aliombwa ruhusa, akajibu, na jibu lake likafuatwa. Anayesema dini yetu inamtaka mtoto awe bubu mbele ya wazee, naomba aisome tena hadithi hii.

Kwa hiyo mgeni akiuliza, nyamaza wewe mzazi. Mtoto akichelewa kujibu, msubiri. Hizo sekunde chache za kimya zinatuelemea sisi wakubwa kuliko zinavyomwelemea yeye. Na tumfundishe maneno ya kupinga kwa heshima, kwa sababu hakuna anayezaliwa nayo: "Samahani baba, mimi naona hivi," au "Mama, naomba niseme." Binti akiitwa akaitika "labeka", kijana akaitika "naam", hapo mazungumzo yaanze. Mara nyingi tukishasikia labeka tunatoa amri na mambo yanaishia hapo.

Wapo wanaohofia kwamba ukimsikiliza mtoto atatawala nyumba. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unazungumzia jambo hili katika Kifungu cha 12: mtoto atoe maoni katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Kusikilizwa ni haki yake, na uamuzi wa mwisho katika mambo makubwa unabaki kwa mzazi. Mtoto wa miaka mitano anaweza kuchagua nguo moja kati ya mbili ulizomwekea. Wa miaka kumi anaweza kukaa na mkono wake wa Idi, zile pesa anazopewa sikukuu, na kuamua ngapi atatumia kwenye kiwanja cha sikukuu na ngapi ataweka. Akizimaliza zote kwa pipi na bembea siku ya mwanzo, muache aione siku ya pili.

Dhana: Mtoto hujengwa kwa sifa. Na kinyume chake: ukimsifu atavimba kichwa au atapatwa na kijicho

Dhana hizi mbili zinapingana, na utazikuta zote katika mtaa mmoja.

Mwaka 1998 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha majaribio waliyofanya na watoto wa umri wa miaka kumi hivi. Watoto walipewa mafumbo, wakaambiwa wote wamefanya vizuri. Baadhi walisifiwa akili zao, wengine walisifiwa juhudi zao. Kisha wakapewa mafumbo magumu, wakashindwa. Waliporudishiwa mafumbo ya kiwango cha mwanzo, waliosifiwa akili walifanya vibaya kuliko mara ya kwanza, na wengi zaidi kati yao walidanganya kuhusu alama walizopata. Waliosifiwa juhudi walifanya vizuri zaidi. Ukifikiri, ni wazi: aliyeambiwa ni kipanga, akishindwa mara moja anaona ukipanga wake umekwisha.

Mwaka 2003 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake walipitia tafiti nyingi kuhusu hali ya mtu kujithamini. Hawakukuta kwamba kumfanya mtoto ajione bora kunamfaulisha skuli. Kwa kiasi fulani mambo huenda kinyume: mtoto hufaulu kwanza, kisha ndiyo anajiona anafaa.

Sifa basi itaje kazi. "Mashaallah, ile aya iliyokuwa ikikushinda juzi leo umeisoma bila kukwama." Mashaallah inatangulia kwa ajili ya hilo la kijicho, na yanayofuata yanamwonesha mtoto alichokifanya hata akafika. Kumnyima mtoto neno jema maisha yake yote kwa kuogopa husda ni kumdhulumu.

Dhana: Bado mdogo, ngoja nimfanyie mimi

Albert Bandura, mwanasaikolojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford, alieleza mwaka 1977 kwamba imani ya mtu katika uwezo wake hutoka sehemu nne: mambo aliyowahi kuyaweza mwenyewe, kuwaona wengine mfano wake wakiweza, maneno ya kutiwa moyo, na hali ya mwili, kama vile moyo kwenda mbio kwa hofu. Yenye nguvu kuliko zote ni ya kwanza. Maneno yetu matamu yako mbali nyuma yake.

Pemba tuna darasa la jambo hili kila msimu wa karafuu. Jioni karafuu zinamwagwa kwenye jamvi, nyumba nzima inakaa kuchambua, karafuu huku, makonyo (vikonyo vyake) kule. Mtoto wa miaka sita anakaa baina ya bibi na dada yake, vidole vyake vizito, lakini fungu lake linaonekana. Anawaona wakubwa kidogo kuliko yeye wanavyofanya haraka, na mwakani anakuwa na haraka ile ile. Kupanda mkarafuu ni habari nyingine kabisa, maana watu wazima huanguka wakavunjika. Kazi ya kumjenga mtoto iwe ya umri wake.

Dukani pia ni darasa. Mwagize mtoto boflo (mikate) mbili na nusu kilo ya sukari bila kikaratasi, mwambie achunge chenji. Akirudi na chenji pungufu, usimfokee, wala usiende kumgombeza mwenye duka. Rudi naye, simama nyuma yake, aseme mwenyewe. Mwaka 1976 wanasaikolojia David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross waliuita msaada wa namna hii kiunzi, kama kile anachosimamisha fundi ukutani na kukiondoa kazi ikimalizika. Wengi wetu kukisimamisha tunajua. Kukiondoa ndiko kunakotushinda.

Na hapa nitasema waziwazi: tunawagawa watoto wetu vibaya. Wa kiume anatumwa duka, soko na bandarini, wa kike anaachiwa vyombo na ufagio. Binti anafika miaka kumi na tano hajawahi kupatana bei na mtu, na kaka yake hawezi kujipikia chai. Wote wawili tumewanyima kitu.

Dhana: Bakora na maneno makali humkomaza

Watafiti wa Marekani, Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor, walikusanya tafiti za takriban miaka 50 zilizohusu watoto zaidi ya 160,000, wakachapisha matokeo mwaka 2016. Kuchapwa kuliambatana na mtoto kujiona duni, ukali kwa wenzake na matatizo ya afya ya akili. Anas bin Malik, aliyemtumikia Mtume miaka kumi tangu angali mdogo, amesimulia kwamba hakuwahi kuambiwa hata "ah!", wala kuulizwa kwa nini kafanya jambo fulani. "Mbona mwana wa jirani anaweza?" nayo ni bakora, isipokuwa haiachi alama ya kuonekana.

Dhana: Kazaliwa na aibu, ndivyo alivyo

Nusu ya maneno haya ni kweli. Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard alikuta kwamba takriban mtoto mmoja kati ya watano, akiwa na miezi minne tu, hushtuka na kulia sana akioneshwa kitu kigeni, na watoto hao huelekea kuwa waoga wa watu baadaye. Lakini si wote walioishia hivyo, na kuwakinga na kila jambo geni hakukuwasaidia. Mtoto wa namna hii mtangulize taratibu. Akiwa anaogopa kusoma mbele ya watu kwenye Maulidi, asome kwanza mbele ya bibi yake, kisha mbele ya wana wa ami na shangazi, kisha ndiyo hadharani. Usimtambulishe kwa wageni kwa kusema, "Huyu ana aibu," naye anasikia.

Ila ikiwa nyumbani anazungumza vizuri, na skuli hasemi neno hata kwa wenzake, na hali hiyo imezidi mwezi mmoja bila kuhesabu ule mwezi wa kwanza wa kuanza skuli, zungumza na mwalimu wake, kisha umpeleke hospitali. Omba masikio yake yapimwe pia, kwa sababu wapo watoto wanaoitwa waoga au wakaidi kumbe hawasikii vizuri.