Rockies wametafuta bosi wiki tano, swali langu bado liko pale pale

Jioni ya tarehe 10 Mei 2025 nilikuwa Coors Field, Denver, uwanja wa timu yangu ya besiboli, Colorado Rockies, nimekaa kule juu kwenye safu ya viti vya zambarau. Viti vingine ni vya kijani. Safu hiyo moja imepewa rangi yake kwa sababu hapo ndipo unapofikia maili moja kamili kutoka usawa wa bahari, kama mita 1,609. San Diego Padres walitupiga 21 kwa 0. Mrushaji wao, yaani anayemrushia mpigaji mpira, Stephen Kolek, alimaliza mchezo mzima peke yake bila kuruhusu hata pointi moja, katika uwanja ambao warushaji wengi huuingia kwa hofu. Mbele yangu alikaa mzee mwenye daftari la kurekodi mchezo, kila tukio analiwekea alama kwa penseli. Mambo yalipozidi akalifunga daftari, akaliweka chini ya kiti, lakini yeye mwenyewe hakuondoka.

Kesho yake klabu ikamfukuza Bud Black, tukiwa na ushindi 7 na vipigo 33. Kwa wasiofuatilia besiboli: Black alikuwa yule anayepanga kikosi na kukaa benchi na wachezaji. Meneja mkuu ni mtu mwingine, anakaa ofisini. Ndiye anayesajili, anayeuza, anayechagua chipukizi, anayeamua mshahara wa nani uwe kiasi gani. Benchi likibadilika na ofisi ikabaki ile ile, mpishi amebadilishwa lakini anayekwenda sokoni ni yule yule. Msimu ulikwisha tukiwa 43 kwa 119. Tofauti ya pointi tulizofunga na tulizofungwa ilikuwa hasi 424, mbaya kuliko ya timu yoyote tangu mwaka 1900. Ulikuwa msimu wa tatu mfululizo wa kupoteza mechi 100 au zaidi.

Mimi kazi yangu ni ajira. Kwa miaka mingi nimekaa kwenye meza za usaili, nikiandika maelezo ya kazi na kusoma barua za waombaji. Kwa hiyo Bill Schmidt alipoachia umeneja mkuu mwanzoni mwa Oktoba, wenzangu walianza kubishana majina. Mimi nilitaka kujua kwanza kazi yenyewe ni ipi.

Kazi hii haifanani na ya timu nyingine yoyote kati ya zile 30 za ligi kuu. Denver hewa ni nyepesi, kwa hiyo mpira ukipigwa unakwenda mbali zaidi, na mpira wa kupinda unaorushwa haupindi ipasavyo. Waliojenga uwanja mwaka 1995 walijua hilo, wakasogeza uzio nyuma. Matokeo yake eneo la nje likawa kubwa mno, na mipira ikawa inadondoka katikati ya wachezaji. Mwaka 2002 wakaweka chumba cha kuhifadhia mipira chenye unyevu unaodhibitiwa, ikasaidia kidogo. Lakini mpigaji wetu akizoea mpira usiopinda vizuri nyumbani, siku tatu baadaye yuko Los Angeles au San Francisco, mpira unapinda kwelikweli, naye anapiga hewa.

Na warushaji? Mrushaji huru, asiyefungwa na mkataba, mwenye timu tano zinazomtaka atakuja Denver kuharibu takwimu zake kwa sababu gani? Desemba 2000 klabu ilimshawishi mrushaji Mike Hampton kwa miaka 8 na dola milioni 121. Baada ya misimu miwili alikuwa ameshauzwa. Pesa peke yake haikutatua jambo hili. Linahitaji watafiti, watu wa vipimo vya mpira na mwili, wanaokesha wakiuliza ni mrushaji wa aina gani anayeweza kuishi hapa. Wapinzani wetu wa kanda, Dodgers, wana watu hao tele, na wala hawaishi mlimani!

Sisi tulifanya nini? Mwaka 2014 meneja mkuu Dan O'Dowd alipoondoka, nafasi akapewa Jeff Bridich, mtu wa ndani. Bridich alipoondoka Aprili 2021, akashika Schmidt, ambaye alikuwa klabuni tangu 1999. Kwanza kwa muda, Oktoba akathibitishwa. Mimi sina chuki na kupandisha watu wa ndani, nimeshauri hivyo mara nyingi. Lakini unampandisha mtu wa ndani nyumba ikiwa inakwenda vizuri. Hapa nyumba ilikuwa imemuuza nyota wake Nolan Arenado kwa St. Louis Cardinals na kuwapa takriban dola milioni 50 juu yake. Kisha Machi 2022 ikampa mchezaji Kris Bryant miaka 7 kwa dola milioni 182. Katika misimu minne ya kwanza Bryant amecheza mechi 170. Msimu mmoja una mechi 162.

Safari hii waliahidi mtu wa nje, na kwa hilo nilifurahi. Kilichoniumiza ni mwendo. Washington Nationals walimfukuza meneja mkuu wao, Mike Rizzo, mapema Julai, na msimu ulipomalizika walikuwa wameshampata mrithi wake, Paul Toboni, kutoka Boston Red Sox. Sisi tulianza kutafuta Oktoba, wakati timu zinapanga wafanyakazi na usajili, tukampata mtu Novemba. Kwenye ajira, kiti cha juu kikikaa wazi hivyo, mara nyingi waombaji wazuri wanauliza swali ambalo mwajiri hataki kulijibu. Kwa Rockies nadhani swali ni hili: uamuzi wa mwisho ni wa nani? Mmiliki ni Dick Monfort, na mwanawe Walker ni makamu wa rais mtendaji. Mwombaji mwenye akili lazima aulize kama siku akitaka kumwacha mchezaji anayependwa na familia, ataruhusiwa.

Aliyepatikana ni Paul DePodesta, kama rais wa masuala ya besiboli, yaani bosi wa ofisi ile ile. Alikuwa msaidizi wa Billy Beane, meneja mkuu wa Oakland, akawa meneja mkuu wa Dodgers 2004 na 2005, halafu tangu Januari 2016 alikuwa Cleveland Browns, kwenye mpira wa Kimarekani. Karibu miaka kumi nje ya besiboli ni mingi. Vifaa vya kupima mrusho na pigo vimegeuka kabisa katika muda huo. Hata hivyo ndiye mtu wa kwanza kutoka nje kukalia kiti hicho tangu O'Dowd mwaka 1999, na anajua kuuliza maswali ya namba.

Mwaka 2025, pamoja na vipigo vyote 119, zaidi ya watu milioni 2 walipita kwenye milango ya Coors Field. Jua zuri, bia baridi, milima kwa mbali. Mwenye klabu akiangalia mapato ya mlangoni haoni moto. Ndiyo maana sitampima DePodesta kwa majina anayosajili. Nataka kuona ameajiri watafiti wangapi, na kama mkataba wa Bryant, ambao unakwenda hadi 2028, utazungumzwa waziwazi na mtu mwenye mamlaka ya kuumaliza.