Wanawake watakatifu hawakufunga kwa kuuchukia mwili

Kila muhula lazima swali hili liulizwe darasani: "Mwalimu, hawa watakatifu wanawake wa Zama za Kati si walikuwa wanauchukia mwili? Si ndiyo maana walijinyima chakula?" Wengine huongeza kwamba wote walikuwa masista, na kwamba kumwita Yesu "mama" ni uzushi wa leo. Nimechoka kujibu kwa mdomo.

Caroline Walker Bynum, mwanahistoria Mmarekani, aliipinga dhana hiyo tangu 1987. Alipochunguza maisha ya watakatifu wa wakati ule, aliona kuwa mwanamume aliyeguswa na Mungu aliacha mali na cheo. Fransisko wa Asizi alivua hata nguo, akamrudishia baba yake mbele ya askofu. Mwanamke angeacha nini? Mali mara nyingi ilikuwa ya baba, kisha ya mume. Chake kilikuwa chakula: alikipika, alikigawa, na aliweza kukikataa.

Mtazame Elizabeti wa Hungaria (1207–1231), mke wa mtawala wa Thuringia. Mezani aliuliza kwanza chakula kimetoka wapi. Kikiwa kimepatikana kwa kuwadhulumu wakulima hakukigusa, hata kama mumewe ameketi kando yake. Njaa ya 1226 ilipoingia, mume akiwa Italia, alifungua maghala akawalisha maskini. Chuki ya mwili iko wapi hapo?

Na kumbuka wanawake hawa walikuwa na kiu ya Ekaristi, yaani ya kumla Mungu aliyetwaa mwili. Juliana wa Liège ndiye aliyehangaikia sikukuu ya Mwili wa Kristo hadi ikakubaliwa. Papa Urbano IV aliitangaza kwa Kanisa zima mwaka 1264. Anayeudharau mwili haudai sikukuu ya mwili.

Wapo wanaokimbilia kusema ilikuwa anoreksia, yaani ugonjwa wa akili wa kujinyima chakula, na mfano wao ni Katarina wa Siena. Kweli alijinyima kupita kiasi, akafariki 1380 akiwa na miaka 33. Lakini kabla hujamwandikia cheti cha daktari, tafadhali, soma barua zake kwa Papa Gregori XI, aliyekuwa akikaa Avignon, akimhimiza arudi Roma, kisha uniambie kama huyo ni mgonjwa tu.

Huyo Katarina, kwa taarifa yenu, hakuwa sista wa ndani ya kuta. Alikuwa wa utawa wa tatu wa Wadominiko, yaani tawi la walei wa shirika hilo, akiishi mjini. Mabegina, wanawake walioishi maisha ya sala na kazi nje ya utawa rasmi, nao hawakuweka hata nadhiri za kudumu. Kwa hiyo "wote walikuwa masista" nayo ifutwe.

Na kumwita Yesu "mama" si uzushi wa wanaharakati wa leo. Anselmo wa Canterbury aliomba hivyo karne ya 11, na Bernardo wa Clairvaux akawaambia maabate wenzake, yaani wakuu wa monasteri, wawe mama kwa watawa wao, wanyonyeshe badala ya kuchapa.