Je, wajua kwa nini kisukari huharibu unyayo kabla ya mkono?

Mjini Goma, ambako mitaa mingi bado ina mawe makali ya lava iliyomwagika kutoka volkano ya Nyiragongo mwaka 2002, mchubuko wa unyayo ni jambo la kawaida. Mchubuko huo ukimpata mwenye ugonjwa wa sukari na kugeuka kidonda kisichopona, watu wengi hueleza kwamba sukari ni nzito, hivyo hushuka na kutuama miguuni mpaka nyama ikaoza.

Maelezo hayo yana mvuto, lakini hayasimami. Sukari huwa imeyeyuka ndani ya damu, na damu humaliza mzunguko wake mwilini kwa muda wa kama dakika moja. Haipati nafasi ya kutuama popote. Isitoshe, kidonda kinachofanana sana na hicho huonekana chini ya unyayo wa mgonjwa wa ukoma, hata kama damu yake haina sukari ya ziada. Daktari Paul Brand, aliyeanza kuwahudumia wagonjwa wa ukoma huko Vellore, India, katika miaka ya 1940, alionyesha kwamba miguu yao haikuwa ikioza yenyewe, bali iliumia kwa sababu haikuhisi maumivu. Baadaye, alipokuwa Marekani, maarifa hayohayo yalitumika kwa wagonjwa wa kisukari. Kinachounganisha magonjwa haya mawili, kwa hiyo, ni kuharibika kwa neva, yaani nyuzi zinazopeleka hisia kwenye ubongo.

Kwa nini basi ziwe neva za miguu? Jibu lililo wazi zaidi ni urefu. Kiini cha neva inayohisi kwenye kidole gumba cha mguu kipo karibu na uti wa mgongo, kiunoni, na uzi wake husafiri takriban mita moja kabla ya kufika kidoleni. Vifaa vya kuutunza uzi huo hutengenezwa kule kiunoni, na baadhi yake husogea milimita chache tu kwa siku. Hali hii inafanana na maji ya Goma, yanayovutwa kutoka Ziwa Kivu na kusukumwa kuelekea mitaa ya juu: presha ikipungua, bomba la mwisho ndilo hukauka kwanza, ingawa hitilafu haipo hapo. Ulinganisho huu una mpaka wake, kwa maana uzi mrefu huenda pia ukadhurika zaidi kwa sababu tu una sehemu nyingi za kujeruhiwa, na wanasayansi bado wanajadiliana ni njia ipi hasa sukari hutumia kuudhuru.

Urefu huo unaeleza mambo mawili ya ajabu. Kwanza, watu warefu wameonekana kupata ganzi hii ya miguu zaidi kuliko wafupi. Pili, ganzi hupanda polepole kama soksi inayovutwa, na inapokaribia magoti, ncha za vidole vya mikono nazo huanza kufa ganzi, kwa sababu umbali wa kutoka uti wa mgongo hadi huko unakaribiana na ule wa kufika gotini.

Ganzi peke yake haitoboi ngozi. Mtu mwenye hisia timilifu akikanyaga kokoto huchechemea bila kufikiri, akiupumzisha mguu. Asiyehisi huendelea kukanyaga palepale, sugu huota, nayo huzidi kuikandamiza nyama iliyo chini yake. Mishipa ya damu ikiwa imeziba pia, kupona huwa kugumu zaidi. Kinachowapotosha wengi ni kwamba mguu huohuo unaweza kuwaka moto usiku na bado usiuhisi msumari, kwa kuwa neva iliyoharibika hutuma ishara za uongo.

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba kudhibiti sukari kwa makini hupunguza sana madhara ya neva katika kisukari cha aina ya kwanza. Kwa aina ya pili, ambayo ndiyo ya wengi, ushahidi ni dhaifu zaidi. Ndiyo maana wauguzi husisitiza ukaguzi: kuutazama unyayo kila siku, kuingiza mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa, na kupima joto la maji ya kuoga kwa kiwiko badala ya vidole, kwa sababu neva ya kiwiko ni fupi.