sizeof haihesabu vitu vya safu

Wiki hii nimeletewa tena programu ileile ya C: safu ya namba 10, hesabu ngapi ni shufwa. Ndani ya funksheni, urefu umetafutwa kwa sizeof(namba) / sizeof(namba[0]). Jibu halizidi 2 hata namba zote zikiwa shufwa, na mwenyewe ameshinda siku nzima akipekua sharti la % 2 (baki la kugawa kwa 2), ambalo halina kosa lolote.

Kaunta ianze na 0, kitanzi kiishie kabla ya n, yaani idadi ya vitu, basi. Kilichonichosha ni kingine.

Watu wanaamini sizeof huhesabu vitu. Haihesabu! Hutoa ukubwa wa aina kwa baiti, na hapa jibu lake limeshaamuliwa na kompaila, programu inayotafsiri msimbo, kabla programu haijaanza kukimbia. Ndani ya main, namba ni safu ya int (namba kamili) 10, kila moja baiti 4: jumla baiti 40, gawa kwa 4, unapata 10. Ukiipitisha kwenye funksheni, safu haifiki. Inafika anwani ya kumbukumbu ya kitu chake cha kwanza, na kwenye mashine ya biti 64 anwani ni baiti 8. Nane kwa nne, mbili. Safu ikiwa na vitu 1000, bado mbili. Wala hutaponea kwa kuandika int namba[10] kwenye vigezo vya funksheni: hiyo 10 inapuuzwa, kompaila inasoma int *namba, yaani anwani ya int. Kompaila ya gcc hukuonya juu ya jambo hili bila kuombwa. Tafadhali, someni maonyo.

“Mbona strlen, inayotoa urefu wa mfuatano wa herufi, inaweza?” Kwa sababu mfuatano huo hufungwa na baiti ya sifuri, na strlen hutembea mpaka iikute. Kwenye safu ya int, 0 ni namba halali kama nyingine.

Kwa hiyo pitisha urefu pamoja na safu: hesabu_shufwa(namba, n). Sizeof ibaki pale safu ilipotangazwa.

Ninachosita ni namna ya kufundisha. Miaka mingi nimewaonyesha wanaoanza mgawanyo ule siku ya kwanza ya safu, na sasa nashuku ndio uliowapandia imani hii. Kundi la mwisho nililianzisha na n iliyoandikwa kwa mkono. Mmoja akaongeza safu ikawa ya vitu 12, akasahau kubadilisha n, hesabu ikapungua. Kosa lake alilikuta mwenyewe, kwa dakika mbili.