Ufaulu umepanda? Nionyesheni waliodondoka

Kazi yangu ni takwimu za elimu, na takwimu ninayoitilia shaka kuliko zote ni asilimia ya ufaulu. Si ya uongo. Mara nyingi imekokotolewa vizuri tu. Shida yake ni kwamba inawajua waliofika chumba cha mtihani peke yao.

Tuchukue shule mbili za kubuni, kila moja ikiwa imepokea wanafunzi 100 mwaka mmoja. Ya kwanza imefikisha 60 kwenye mtihani wa mwisho, wakafaulu 54: asilimia 90. Ya pili imefikisha 90, wakafaulu 72: asilimia 80. Kwenye jedwali, ya kwanza inapongezwa na ya pili inatakiwa kujieleza, ingawa ndiyo iliyovusha watoto wengi zaidi. Na ukiwapima wakuu wa shule kwa asilimia hiyo, usishangae wanafunzi dhaifu wakianza kukaririshwa darasa au kushauriwa chini chini wahamie kwingine. Ufaulu unapanda, mdondoko nao unapanda.

Ndiyo maana huwa naomba kwanza kumbukumbu za mwanafunzi mmoja mmoja, zenye namba yake tangu alipoandikishwa. Bila namba hiyo, aliyehama na aliyeacha shule hawatofautiki.

Hata takwimu safi huweza kutumika vibaya. Mwaka 1985 jimbo la Tennessee, Marekani, lilianza jaribio lililowagawa wanafunzi kwa bahati nasibu: madarasa ya watoto 13 hadi 17, na mengine ya 22 hadi 25. Madarasa madogo yakafanya vizuri zaidi. California ikavutiwa, na mwaka 1996 ikaanza kupunguza ukubwa wa madarasa ya chini hadi watoto 20 kila moja, karibu jimbo zima kwa mpigo. Walimu wa kutosha hawakuwepo. Wengi walioajiriwa hawakuwa na sifa kamili, na shule za maskini zikawapoteza wazoefu waliofuata nafasi mpya kwenye shule zenye uwezo. Tennessee walipima ukubwa wa darasa. Nani angefundisha madarasa yakiongezeka jimbo zima, hilo halikuwa swali lao.

Kwa hiyo akija mtu na pendekezo la kushusha uwiano wa wanafunzi kwa mwalimu, wastani wake naweka pembeni. Nataka orodha ya walimu, shule kwa shule, pamoja na sifa zao na miaka waliyofundisha.