Hekalu la Meenakshi si la makuhani, wala si la serikali

Wiki iliyopita nimeisikia tena. Tumesimama kwenye mnara wa mashariki wa hekalu la Meenakshi hapa Madurai, kusini mwa India, mimi na bi mkubwa mmoja wa Tanga aliyemleta mumewe kutibiwa macho. Viatu tumeshakabidhi, simu tumeshaacha. Akapita kuhani, kifua wazi, majivu mistari mitatu kwenye paji la uso. Bi mkubwa akamsindikiza kwa macho mpaka akapotea kwenye umati, kisha akaguna: "Mwanangu, hawa ndio wenye mali yote hii? Kumbe wamekalia utajiri!"

Kazi yangu ni ukalimani wa wagonjwa. Siku za kungoja majibu ya vipimo ni ndefu, na ndugu wa mgonjwa huniomba niwapeleke hekaluni. Nimewapeleka Wakenya, Watanzania, Wakongomani, na karibu kila safari neno ni lile lile: hekalu ni la makuhani. Nikikanusha, mwingine hudakia, basi ni la serikali. Kulijibu jambo hili kwa dakika mbili, foleni ikitusukuma mgongoni, kumenichosha. Nalijibu hapa kwa kituo.

Mwenye hekalu ni Meenakshi mwenyewe, mungu wa kike anayeabudiwa humu. Sisemi hivyo kwa lugha ya ibada. Sheria ya India inamtambua mungu aliyewekwa wakfu hekaluni kuwa nafsi ya kisheria, kama inavyoitambua kampuni. Anaweza kumiliki shamba, nyumba, dhahabu na akaunti benki. Anaweza kushtaki na kushtakiwa. Kinachomtofautisha na mimi na wewe ni kwamba sheria humhesabu kama mtoto asiyefikia utu uzima maisha yake yote: mali ni yake, ila hawezi kutia sahihi, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kumsimamia.

Aliyekulia pwani hapaswi kushangaa. Mzee akiiweka wakfu minazi yake kwa ajili ya msikiti, imamu hawi mwenye minazi, wala mutawali, msimamizi wa wakfu, hawi mwenye minazi. Mutawali akiuza nazi na kutia fedha mfukoni, kila mtu anajua ameiba. Basi mdhamini wa hekalu la Kitamil, wanayemwita dharmakarta, yuko pale pale alipo mutawali. Nikiwaeleza hivi watu wa Mombasa na Unguja huelewa mara moja. Wanaonisumbua ni wale wanaokazania kwamba "kila dini ina bosi wake".

Mwaka 1925 kesi ya familia moja tajiri ya Calcutta ilifika mpaka Baraza la Rufaa la Uingereza, Privy Council, kule London. Ndugu walikuwa wakigombania sanamu ya mungu wa ukoo: ikae nyumba ya nani, ihamishwe au isihamishwe. Majaji walikataa kuigawa kama kiti au kabati. Walisema mungu huyo ana nafsi yake mbele ya sheria, na matakwa yake kuhusu mahali pa kukaa yanapaswa kusikilizwa, kwa hiyo awekewe mtu wa kumsemea asiye na maslahi katika ugomvi ule.

Kesi nyingine ya London ndiyo ninayoipenda zaidi, nayo inatoka jimbo hili hili la Tamil Nadu. Sanamu ya shaba ya mungu Shiva akicheza ilikuwa imefukiwa kwenye eneo la hekalu lililobomoka, kijiji cha Pathur. Ikachimbuliwa, ikauzwa kimagendo, ikaibukia Uingereza mikononi mwa mnunuzi. Hekalu lile gofu likashtaki, kupitia msimamizi aliyeteuliwa na idara ya mahekalu ya serikali, na mwaka 1991 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikakubali kwamba lina haki ya kudai. Sanamu ikarudi India. Kuhani angekuwa ndiye mwenye mali, nani angedai kwa ajili ya hekalu ambalo halina hata kuhani mmoja?

Anayebisha bado, namwambia hukumu ya Mahakama ya Juu kabisa ya India ya Septemba 2021, kesi iliyotoka Madhya Pradesh: katika daftari la ardhi, safu ya mmiliki iandikwe jina la mungu peke yake. Kuhani analima au anasimamia, lakini jina lake halina haki ya kukaa kwenye safu hiyo.

Sasa turudi Madurai kwenyewe, maana ushahidi mkubwa uko katika historia ya hekalu hili. Tarehe 8 Julai 1939, A. Vaidyanatha Iyer, wakili na mfuasi wa Gandhi, aliingia hapa na watu watano wa tabaka lililoitwa "lisiloguswa" pamoja na mtu mmoja wa tabaka la Nadar, wote watu ambao kwa karne nyingi waliishia nje ya ukuta. Ofisa mtendaji wa hekalu, R. S. Naidu, alikuwa upande wao. Wengi wa makuhani walikasirika, wakasusia ibada, na mgomo wao ukaendelea kwa miaka. Je, hekalu lilibaki limefungwa? Halikubaki. Ibada ziliendelea, umati mpya ukaendelea kuingia, na serikali ya Madras, jina la zamani la jimbo hili, ikapitisha sheria ya kuwakinga waliofungua milango. Gandhi, aliyekuwa amekataa kukanyaga humo maadamu wengine wanazuiwa, aliingia mwaka 1946. Mwenye nyumba akigoma, nyumba hufungwa. Waliogoma pale walikuwa watumishi, ndiyo maana mlango haukubaki umefungwa.

Na utumishi huo si wa kitajiri. Makuhani wa Meenakshi ni wa koo zilizorithishana zamu kizazi baada ya kizazi, na kwa desturi tegemeo lao ni ada za ibada binafsi na kile waumini wanachoweka kwenye sahani ya taa. Hata urithi wa zamu hizo uliondolewa nguvu ya kisheria Tamil Nadu mwaka 1971, mahakama ikaridhia mwaka uliofuata. Agosti 2021 serikali ya jimbo iliteua makuhani waliosomea kazi hiyo kutoka matabaka mengine, katika mahekalu kadhaa.

Kwa hiyo nasihi yangu, na narudia kwa kila mteja hadi naonekana msumbufu: ukitaka kumpa kuhani, weka kwenye sahani, ni halali yake. Ukitaka kulipa hekalu, tumbukiza kwenye hundi. Ndiyo, hundi. Neno hilo hilo tulilolichukua kwa wafanyabiashara wa Kihindi tukaiitia karatasi ya benki, huku kusini ni jina la sanduku la sadaka pia. Hufunguliwa mbele ya maofisa na mashahidi, zikahesabiwa noti, sarafu, na vipande vya dhahabu na fedha, kisha vikaingizwa kwenye hesabu za hekalu. Usimpe mtu wa njiani anayekwambia atakufikishia.

"Basi ni la serikali, si umesema kuna idara?"

Ipo. Idara ya mahekalu na wakfu za Kihindu ya Tamil Nadu inafanya kazi kwa sheria ya mwaka 1959. Inateua ofisa mtendaji, inakagua vitabu, inaidhinisha ukarabati, na hekalu kubwa hukatwa hadi asilimia 12 ya mapato kwa gharama za usimamizi na asilimia 4 za ukaguzi. Wapo Wahindu wengi wanaolalamika kwamba makato ni makubwa, na kwamba viti vya wadhamini huachwa wazi kwa miaka ili mteuliwa wa idara atawale peke yake. Malalamiko hayo naona yana uzito. Lakini kusimamia si kumiliki, na wanaokwenda mahakamani dhidi ya idara hushinda au kushindwa kwa hoja hiyo hiyo: mali ni ya mungu, je, mlezi wake anamtendea haki?

Tena si kweli kwamba serikali "ilinyakua" mahekalu baada ya uhuru. Wafalme wa Pandya na Nayak, koo zilizotawala Madurai, walikuwa wakitoa ardhi na kuamua magomvi ya hekaluni zamani hizo. Kampuni ya Waingereza, East India Company, ilipochukua Madurai mwaka 1801 ilirithi pia mahekalu, na kanuni ya 1817 ikayaweka chini ya bodi ya mapato. Ofisa wao mmoja wa hapa, Rous Peter, alimtolea Meenakshi vikuku vya dhahabu vya kukanyagia juu ya farasi. Wamisionari kule Uingereza wakapiga kelele: vipi serikali ya Kikristo iendeshe nyumba za sanamu? Kampuni ikajitoa, sheria ya 1863 ikakabidhi mambo kwa kamati za wenyeji, na ubadhirifu ulioota baada ya hapo ndio uliozaa sheria za usimamizi za miaka ya 1920, kabla ya uhuru. Katiba ya India haikuanza jambo hili, ililikuta.

Tena msichukue utaratibu wa Madurai mkaupachika kila mahali. Hekalu la Vaishno Devi, kule Jammu, huendeshwa na bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Hekalu la Kamakhya, kule Assam, Mahakama ya Juu ilirudisha usimamizi mwaka 2015 kwa koo za makuhani wenyewe. Na mahekalu mnayoyaona Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam ni ya jumuiya zilizojisajili, na hayahusiki na idara yoyote ya Chennai, makao makuu ya Tamil Nadu.

Yapo na maneno mengine ninayoyasikia kwa wageni. "Jengo hili lina miaka elfu mbili na zaidi." Mahali pa ibada ni pa kale kweli, mshairi Sambandar alipaimba karne ya 7. Lakini kuta mnazozipiga picha si za zamani hizo. Mwaka 1311 jeshi la Malik Kafur, jemadari wa sultani wa Delhi, lilivamia Madurai na kupora, na baadaye pakawa na usultani hapa hapa. Ibn Battuta, yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikaa kwenye usultani huo na hata alikuwa shemeji wa mmoja wa watawala wake. Mnara wa mashariki una mizizi ya karne ya 13, lakini sehemu kubwa ya mnachokiona ni kazi ya Wanayak, karne za 16 na 17. Mnara wa kusini, mrefu kuliko yote, karibu mita 52, ni wa 1559. Ule wa kaskazini ulikamilishwa mwaka 1878. Na ile minara yote juu ni matofali na lipu ya chokaa iliyopakwa rangi. Kwa desturi hurudiwa kila baada ya miaka 12 au zaidi, kwa hiyo rangi inayong'aa haimaanishi kwamba hekalu ni la juzi.

"Ukumbi wa nguzo elfu." Ni nguzo 985.

"Wanachinja wanyama." Kwa Meenakshi hakuna damu. Ni maua, taa, maziwa na wali.

"Wametunyima simu kwa kiburi." Usiku wa tarehe 2 Februari 2018 moto ulizuka kwenye maduka yaliyokuwa ndani ya ukumbi wa Veera Vasantharaya, karibu na mnara wa mashariki, ukaangusha paa la mawe la karne kadhaa. Marufuku ya simu ilitoka mahakamani baada ya hapo, kwa usalama. Iacheni kwenye kabati, tafadhali, msinitie aibu mlangoni.

Na kuhusu chumba cha ndani kabisa: asiye Mhindu haingii. Mimi miaka yote hii sijamwona Meenakshi kwa macho, naishia kwenye kizingiti kama nyinyi, na sioni sababu ya kugomba.

La mwisho husemwa zaidi na wanaume: "Huyu ni mke tu wa Shiva." Madurai si hivyo. Meenakshi ni binti wa mfalme Pandya, alitawazwa akatawala kabla ya kuolewa, na muumini humsalimu yeye kwanza, mumewe Sundareswarar, yaani Shiva, baadaye. Kila mwaka katika sikukuu ya Chithirai, Aprili hivi au Mei, huvikwa taji tena, na fimbo ya utawala hutolewa mkononi mwake ikapokelewa na mwenyekiti wa wadhamini, ambaye huibeba kwa niaba yake na kuirudisha. Tangu hapo atatawala miezi minne, kisha zamu ya mumewe. Watamil wana swali la kuulizana juu ya nyumba: "Kwako ni Madurai au Chidambaram?" Chidambaram ni mji wa hekalu la Shiva, kwa hiyo maana yake, anayeamua ni mke au mume.

Yule bi mkubwa nilimrudisha usiku, karibu saa tatu, kushuhudia ibada ya kulala. Ngoma ikalia, moshi wa ubani ukatanda, kikapita kile kiti cha fedha kimebebwa mabegani, ndani yake nyayo za Shiva tu, akipelekwa chumbani kwa Meenakshi. Kila usiku mume ndiye anayefuata. Bi mkubwa akasimama kimya mpaka ngoma ikafifia, akafungua pindo la khanga, akatoa noti mbili. "Sanduku la mwenyewe liko wapi?" akaniuliza.